Mpaka wa Lubondja Kwenye Diski Iliyofutwa

Jumatano, 2 Oktoba 2019
Mvua ya kwanza ya kweli imepiga mji wa Baraka, hapa kando ya ziwa, leo, tukiwa katikati ya kushusha saruji kwenye boti. Mifuko mitano imeloa, na lawama zote zimetuangukia sisi wabebaji, kana kwamba mvua tuliileta sisi. Kwetu ni Kasongo, kule Maniema. Nilikuja huku kuchimba dhahabu, dhahabu ikanikataa, na sasa ni mwaka wa pili nabeba mizigo ya watu ufukweni. Mke wangu Aline amebaki na shamba la mpunga. Naandika ili siku zisipite zote zikifanana.

Jumamosi, 5 Oktoba
Nalala stoo kwa Mama Waridi, mwenye boti mbili na studio ya video. Hanilipishi chumba. Badala yake, nikitoka ufukweni mchana, namfutia diski.

Kazi yenyewe ni hii. Fundi wake Eddy hupiga picha za arusi, matanga na mikutano, kisha huziweka kwenye diski za aina ya kuandikwa, kufutwa na kuandikwa tena. Diski mpya hutoka Uvira, na barabara ikikatika hazifiki. Kwa hiyo hizi zilizopo hatuziachi zipumzike. Mteja asipokuja kuchukua kazi yake kwa miezi mitatu, inafutwa, na diski inarudi kazini.

Kwenye mashini kuna njia mbili za kufuta. Kufuta kabisa huchukua karibu saa nzima kwa diski moja. Kufuta haraka ni dakika moja. Amri ya Mama Waridi ni kufuta kabisa, siku zote. Lakini umeme wetu ni wa jua, na jua la siku hizi linaonekana kama mgeni asiyetaka kukaa. Nabonyeza ile ya haraka. Diski inaonekana tupu vilevile. Nani atajua?

Ijumaa, 11 Oktoba
Nimefuta diski tisa: arusi tatu, matanga mawili, ubatizo, mechi ya mpira, mkutano wa wavuvi, na moja iliyoandikwa "Mpaka Lubondja". Karatasi za majina nimezitupa. Dakika kumi kazi imeisha, nikalala.

Jumatatu, 14 Oktoba
Mifuko ya chumvi. Mgongo.

Jumamosi, 19 Oktoba
Leo nimekutana na mtu mzuri. Anaitwa Bertin, anateremsha muhogo kutoka kijiji cha Lubondja. Wenye mali wengi hukaa pembeni wakituhesabia mifuko, yeye alivua shati akabeba na sisi.
"Papa Kasongo," akaniita, "kwenu banakufundisha kubeba ama banakufundisha kulala? Unatembea sawa mama mwenye mimba!"
Tulicheka wote. Aliniachia mafungu mawili ya muhogo. Nilikula nikimuombea heri.

Jumanne, 22 Oktoba
Mvua tangu asubuhi. Mchana aliingia studio mama mmoja, matope hadi magotini. Nilidhani anataka kujikinga tu, nikamwambia benchi la wateja lisilowe. Sasa naona aibu kuandika hivyo.

Jina lake Florentine, mjane, wa Lubondja.
"Nilikuja kuchukua CD yangu," akasema. "Ya mpaka. Eddy aliipiga mwezi wa sita."
"Miezi mitatu imepita, mama."
"Najua. Nilikuwa mugonjwa, kisha barabara ilikatika. Lakini si iko tu?"
Nikamwambia Eddy amekwenda Uvira kuoa, na sijui atarudi lini. Ni kweli Eddy yuko Uvira. Lakini nilisema hivyo ili niondokane na macho yake.

Hakuondoka. Alikaa akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuwa mdogo. Shamba lake limepakana na la Mzee Patrice. Mwezi wa sita walitembea mpaka pamoja mbele ya kamati, mzee akauonyesha kwa mkono wake, na Eddy akapiga picha yote. Mwezi wa nane mzee akafa. Mwezi wa tisa mtoto wake aling'oa miti ya mpaka, yenye majani mekundu, akaipanda upya hatua sitini ndani ya shamba la mama huyu. Kamati ya zamani imevunjika: wawili wamevuka ziwa, wa tatu anakula nyumbani kwa huyo mtoto. Kamati mpya itasikiliza kesi tarehe 23 Novemba. Mpaka siku hiyo haruhusiwi kupanda.
"Mbegu ya maharage niko nayo kwenye kapu," akasema. "Batoto banaiangalia kila siku na njaa. Naambia: ngojeni CD."
Nikauliza mtoto wa mzee anaitwa nani.
"Bertin."

Jumatatu, 28 Oktoba
Siku sita sikuandika. Nilibeba, nilikula, sikufuta diski hata moja.

Leo nilimpigia Eddy Uvira. Nilimuuliza kwanza kama yeye mwenyewe hawezi kwenda kusema alichoona. "Tonton, mjomba wangu, mi nilikuwa naangalia kamera, si miti," akasema. "Miti ya kule yote ni moja." Ndipo nikamwambia nilichofanya.
"Ulibonyeza gani?" akauliza.
"Ile ya haraka."
Akacheka hadi nikataka kukata simu. "Asante kwa uvivu wako! Sikiliza. Kufuta haraka ni sawa na kuchana ukurasa wenye orodha ya kitabu. Mashini inaona kitabu ni kitupu, lakini maandishi yako palepale, mpaka siku mutu aandike juu yake. Kama wameandika kidogo, wamefunika mwanzo tu. Nyuma bado kunakaa."
"Basi inarudi?"
"Sijasema inarudi. Nimesema inakaa. Nitakutumia programu ya kuitafuta na dereva wa Ijumaa. Lakini utafute kwanza diski yenyewe."
Nitaitafuta.

Jumanne, 29 Oktoba
Nimemwambia Mama Waridi. Nilimkuta akipanga nguo zilizokuja na boti. Nilisimama, maana habari kama hii haisemwi umekaa.

"Mama, diski zote nilizofuta tangu mwezi wa saba, sikuzifuta kabisa."
Hakuelewa haraka. Alipoelewa, alikunja nguo moja mara tatu.
"Kwa hiyo arusi ya yule binti aliyeachwa," akasema polepole, "ile baba yake alikuja hapa akaniomba mbele ya Mungu niifute, isibaki hata kivuli chake. Iko?"
"Pengine iko."
"Na mi nilimwapia. Kwa mdomo wangu huu, siku ya Ijumaa!"
Nikamweleza habari ya Florentine. Nikasema nataka kutafuta diski ya mpaka na kwenda nayo Lubondja.
"Hapana," akasema. "Ukisimama kule na kusema kitu yenye tulifuta imerudi, jioni ileile Baraka yote itajua. Nani ataleta tena siri yake kwangu? Nimejenga jina hili miaka kumi na mbili, Isidore. Wewe umelibomoa kwa kidole kimoja, na sasa unataka kwenda kutangaza."
"Yule mama ana kesi tarehe ishirini na tatu."
"Na mi niko na kesi kila siku. Hapana."
Alikuwa na haki. Niliandika mwanzoni moyoni mwangu kwamba ni mwanamke mgumu. Ni mwanamke aliyetoa neno lake, na mimi nikalivunja bila yeye kujua.

Lakini nitatafuta. Akinifukuza, nitalala chini ya mashua.

Ijumaa, 1 Novemba
Programu imefika. Jua: hakuna.

Jumatatu, 4 Novemba
Diski zile tisa zina sura moja, na majina niliyatupa mwenyewe. Kwenye daftari la Eddy nimeona kwamba tangu tarehe 11, nne zimebaki rafuni, tano zimetumika. Programu inasoma diski moja kwa saa tatu. Betri yetu, siku ya mawingu, inakaa saa tatu na kidogo. Kwa hiyo diski moja kwa siku, kama Mungu akitaka.

Leo: ubatizo.

Jumatano, 6 Novemba
Jana matanga. Leo arusi. Sitazami, nikiona tu ni nini, nazima. Kisha nafuta kabisa, ile ya saa nzima, siku jua likitosha.

Mama Waridi anapita mlangoni. Ananiona. Hajanifukuza.

Jumamosi, 9 Novemba
Rafuni hakuna kitu. Kati ya tano zilizotoka, tatu nimezipata kwa kuzunguka Baraka nikigonga milango, na kwa jua la juzi na jana nimezisoma zote: mechi, matanga, wavuvi. Ya nne iko Kilembwe. Mwenye nayo amenipigia simu, amesema waziwazi ameitundika kwenye karanga zake ing'ae, ifukuze ndege. "Inafanya kazi vizuri sana," akasema. "Mulitengeneza kitu ya maana." Nikamuomba anitumie akishavuna.

Ya tano iko Ubwari, ng'ambo ya maji. Kwaya ya kule ilirekodi nyimbo zake.

Bertin alikuwa ufukweni tena leo. "Papa Kasongo, umekonda! Nani anakukatalia bugali?" Alinipa muhogo. Niliubeba hadi stoo, nikakaa nao, nikashindwa kuula. Kisha niliula. Njaa haina kesi.

Jumatano, 13 Novemba
Nimevuka kwenda Ubwari na boti ya Mama Waridi. Nilimwambia nahodha nimetumwa. Kama ni uongo, ni wa mwisho.

Kiongozi wa kwaya anaitwa Mama Divine. Alisikiliza mikono kiunoni.
"Nyimbo kumi na mbili," akasema. "Tumefanya mazoezi tangu Pasaka. Nikupe wewe, mutu nisiyemujua, mwenye kazi yake ni kufuta?"
"Sitafuta, mama. Nataka kusoma kilicho nyuma ya nyimbo zenu."
Wanakwaya waliokuwa wanaanika ndagala, dagaa wa huku, walipasuka kwa kicheko. "Nyuma ya nyimbo zetu kuko nini? Kuko shetani?" mmoja akauliza.
"Kuko shamba la mjane."
Kicheko kilikatika. Mama Divine akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, macho yake yakasimama kwenye buti zangu, zile nzito za kazi, ndizo pekee nilizonazo.
"Vua," akasema.
Nikavua.
"Zitakaa kwenye kabati ya kanisa. Diski ikirudi na nyimbo kumi na mbili, buti zinarudi. Ikirudi na kumi na moja, tutazivaa sisi."
Nimerudi Baraka peku, diski imefungwa kifuani ndani ya mfuko wa plastiki, mvua ikitupiga njia nzima.

Alhamisi, 14 Novemba
Nimebeba saruji peku. Sitaki kuandika zaidi.

Jumamosi, 16 Novemba
Jua! Tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa, jua safi.

Niliweka diski ya Ubwari. Nyimbo zimefunika sehemu ya kwanza. Nilizinakili kwanza, zote kumi na mbili, ili buti zangu ziwe salama. Kisha nikaiacha programu iende nyuma yake. Saa ya pili ikatoa vipande vilivyovunjika: rangi tu, miraba. Saa ya tatu ikatoa majani mekundu.

Ni dakika kumi na moja. Mwanzo wa matembezi umekwisha, umeliwa na nyimbo. Sauti haikurudi kabisa. Lakini picha iko. Mzee Patrice, mfupi, koti la buluu, amesimama karibu na mti wa mpaka. Nyuma yake kuna jiwe kubwa lililopasuka katikati. Florentine yuko upande wa pili. Mtu analeta kikombe.

Florentine alinieleza desturi ya kwao: mpaka ukishatembewa, majirani hunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa kikombe kimoja, huyu amekanyaga kwake na yule kwake, mti uko katikati. Asiyekubali hanywi. Kwenye picha mzee anakunywa. Florentine anakunywa. Kisha mzee anageuka, anaita mtu aliye pembeni, anamwekea mkono begani na kumpa kikombe. Mdomo wa mzee unasema kitu kirefu. Yule mtu anakunywa hadi mwisho.

Ni Bertin.

Niligeuka nikamkuta Mama Waridi nyuma yangu. Sijui alisimama hapo muda gani.
"Rudisha nyuma," akasema. Nikarudisha. Alitazama mara tatu.
"Huyu mwanaume ananunua chumvi kwangu," akasema, akatoka.

Jumatano, 20 Novemba
Mama Waridi ameniita. Alikuwa amekwenda mwenyewe nyumbani kwa baba wa yule binti aliyeachwa, akamwambia kila kitu kabla hajasikia kwa wengine. Baba alimfokea mbele ya majirani. Kisha akauliza ile arusi iko wapi. Ilikuwa miongoni mwa zile za rafuni, jina la binti lilitokea mwanzoni mwa picha, na nilikwishaifuta kabisa tarehe 8. Baba aliuliza nani shahidi. Mama Waridi akaja naye, akanifanya niiweke tena kwenye programu, saa tatu nzima, wote wawili wamekaa kwenye benchi. Haikutoka hata rangi.
"Toka leo," akaniambia baba huyo alipoondoka, "mwenye diski atakaa pale pale, aone inafutwa. Saa nzima. Akichoka, arudi nayo kwake." Kisha akasema, "Kule Lubondja watatazama na nini? Hawana televisheni. Chukua ile ndogo yenye kusoma CD. Na betri."
"Betri ni kilo ishirini na tano, mama."
"Na wewe kazi yako ni nini?"

Ijumaa, 22 Novemba
Lori limetufikisha mpaka barabara ilipokatika. Kutoka pale ni mguu. Betri kichwani, televisheni imefungwa mgongoni kama mtoto, matope yananivuta vidole. Nimebeba mizigo ya watu maisha yangu yote. Huu ndio wa kwanza nilioogopa kuudondosha.

Florentine amenipa mahali pa kulala na bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Niliona kapu la mbegu. Limebaki chini ya nusu. 

Jumamosi, 23 Novemba
Kesi ilisikilizwa ndani ya kanisa, kwa sababu ya mvua. Mwenyekiti, Papa Dieumerci, aliniuliza mimi ni nani. Nikasema: mimi ni yule aliyeifuta. Watu walipiga kelele. Nikasema yote, pamoja na uvivu. 

Kisha tukawasha. Watu walisogea hadi pua zikagusa kioo. "Mzee Patrice!" mama mmoja akalia, maana hakuna aliyewahi kumwona tena tangu azikwe. "Jiwe lile si la kwa Florentine?" "Njo lenyewe!" Kikombe kilipofika kwa Bertin, watu waligeuka kumtazama.

Bertin alisimama. Alicheka kicheko kile kile cha ufukweni.
"Nilikuwa na kiu," akasema. "Tangu lini kiu ni sahihi? Baba anasema nini pale? Nani anasikia? Pengine anasema: mpaka uko kule chini, hapa tunapumzika tu. Picha iko bubu, bapapa. Munataka bubu anitolee shamba?"
Wengine walicheka naye. Papa Dieumerci alijikuna kidevu, akazungumza na wenzake, akasema watatoa neno baada ya siku nane.

Siku nane. Florentine alikunja kitenge chake akatoka nje kwenye mvua bila kujifunika nacho kichwani.

Jumatatu, 25 Novemba
Nimerudi. Mchana Bertin ameingia studio. Alifunga mlango.
"Papa Kasongo, si tumekula pamoja? Futa ile kitu."
"Sifuti."
"Kazi yako si kufuta?"
"Ilikuwa."
"Batoto yangu bameiona. Wa kwanza ananiuliza: papa, kiu gani ile?" Hakuwa anacheka. "Futa."
"Kaka Bertin, hata nikifuta, kanisa zima limeona. Na mimi sifuti."
Alipiga meza kwa kiganja, akatoka. Nilikuwa tayari kupigwa. Nadhani na yeye alilijua hilo.

Jumanne, 26 Novemba
Nimepeleka diski Ubwari. Nyimbo kumi na mbili. Buti zimerudi, zimepakwa mafuta. Mama Divine aliuliza kama mjane ameshinda. Nikasema bado.

Jumatano, 27 Novemba
Bertin amerudi. Alisimama mlangoni kama mtu asiyejua anunue nini.
"Niwekee," akasema.
"Nini?"
"Baba. Mi siko na picha yake ingine. Hata moja."
Nikamwekea. Alitazama dakika zote kumi na moja. Akaomba tena. Mara ya tatu, pale mzee anapoweka mkono begani mwake, niliona midomo ya Bertin ikienda pamoja na midomo ya baba yake. Hakukosea hata mahali pamoja.

 Nilimnunulia chai.

Ijumaa, 29 Novemba
Amekuja asubuhi, amevaa shati safi. Mimi nilikuwa natoka kwenda ufukweni.
"Kamera ya Eddy iko?"
"Iko ile ya zamani."
"Inashika sauti?"
"Inashika."
Mama Waridi alileta kiti, akakiweka ukutani, akatoka nje mwenyewe bila kuombwa. Nilimwambia Bertin aseme jina lake kwanza, kwa sababu Eddy huanza hivyo. Aliweka mikono juu ya magoti.
"Mi ni Bertin, mutoto ya Patrice wa Lubondja. Bapapa ba kamati, ile picha ya kikombe haina sauti, kwa hiyo nasema mi mwenyewe chenye baba alisema. Alisema: 'Bertin, kunywa. Mpaka ni huu mti. Siku sitakuwa, usivuke hapa na jembe. Huyu mama hana mwanaume, lakini ana jirani.'" Alikaza mikono magotini. "Alisema vile. Mi nilisikia. Na kiu sikuwa nayo."

Nilizima. Aliangalia chini muda wote, uso wake ulionekana nusu tu. Nikamuuliza kama anataka turudie, nifute hii, tuanze upya akiwa amenyanyua kichwa.
"Hapana," akasema. "Acha vile iko."